Vitovu vya Baiskeli Isiyo na Friwili

Baiskeli isiyo na friwili haipumzishi miguu: maadamu gurudumu la nyuma linazunguka, pedali nazo huzunguka. Kwa hiyo mwenye kujiundia magurudumu na achague vitovu kwa uangalifu.

Kwanza, pima nafasi ya fremu pale inaposhika ekseli. Mbele huwa milimita 100. Nyuma, kwa baiskeli za namna hii, kwa kawaida ni 120. Fremu nyingi za barabarani zenye breki za ringi zina 130. Usiibane fremu kwa nguvu. Tafuta kitovu cha kipimo chake.

Pili, tazama hesi. Kitovu cha kweli kina ngazi mbili: kubwa hupokea gia, ikazwayo kuume, ndogo hupokea nati ya kufungia, ikazwayo kushoto. Ukisukuma pedali kinyume ili kupunguza mwendo, gia hutaka kufunguka, lakini nati huizuia. Kitovu cha friwili hakina ngazi ya pili. Gia iliyotiwa humo yaweza kufunguka mteremkoni. Hata hivyo breki ya mbele isikosekane.

Tatu, hesabu matundu; yalingane na ya ringi. Matundu 36 yafaa njia mbovu au mtu mzito. 32 huwatosha wengi.

Viko pia vitovu vya pande mbili. Kabla ya mwaka 1937, mashindano ya Tour de France yalipokataza mitambo ya kubadili gia, washindani waligeuza gurudumu la nyuma walipofika mlimani. Hata leo mwenye kitovu hicho aweza kutia friwili upande wa pili, akapumzisha miguu apendapo.