Somo la 11: Nywele za Kope Zinazochoma Jicho

Kuna ugonjwa wa macho unaoanza katika utoto na kumaliza kazi yake mtu akiwa mzee. Jina lake ni trakoma. Wengine huuita vikope. Katika somo hili hatutasema sana juu ya mwanzo wake. Tutasema juu ya wakati nywele za kope zinapogeuka ndani, juu ya kupasuliwa ili ziondoke katika jicho, na ginsi waganga walivyopima ili wajue ni namna gani ya kupasua iliyo bora.

Ginsi jicho linavyoharibika

Trakoma inaletwa na kidudu kidogo sana kisichoonekana. Kinapita kwa mikono, kwa kitambaa kimoja kinachopangusa nyuso za watoto wote wa nyumba, na kwa nzi wanaotua juu ya tongotongo. Mtoto akishikwa mara moja, anaweza kupona bila alama. Lakini akishikwa tena na tena, mwaka kwa mwaka, ngozi laini iliyo upande wa ndani wa kope la juu inapata makovu. Ninyi mmeona kovu la moto: linakaza, linavuta ngozi ya karibu, na kidole kinakunjamana. Ni vivyo hivyo kwa kope. Kovu linavuta ukingo wa kope kwenda ndani, na nywele zilizokuwa zikilinda jicho zinaanza kulikwaruza.

Mtu anapepesa macho maelfu ya mara kila siku, na kila mara nywele zile zinapita juu ya kioo cha mbele cha jicho. Anasikia kama mchanga umeingia. Machozi hayakomi, mwanga unamwumiza, anatafuta kivuli. Kisha kioo kinapata kidonda, na kidonda kinaacha doa jeupe. Doa likifika mbele ya mboni, haoni tena. Kupasua kope kunazuia doa lisizidi, lakini hakuondoi doa lililokwisha kuwako. Shikeni neno hili sana, maana hapa ndipo wengi wanapokosea: wanangoja mpaka hawaoni njia, ndipo wanakuja hospitali, kisha wanasema kazi ya mganga haikufaa kitu.

Wanawake wanapofushwa na ugonjwa huu mpaka mara 4 kuliko wanaume. Si kwa sababu macho yao ni zaifu. Ni wao wanaobeba na kulea watoto, na kidudu kinakaa zaidi kwa watoto.

Juu ya kungoa nywele

Mabibi wengi wana kikoleo chao kidogo, na mjukuu mwenye macho makali anawangolea nywele. Tusiwacheke. Kunatuliza maumivu kweli. Lakini nywele inaota tena kwa majuma machache, na ikikatika mahali pa kungoka, kipande kinachobaki ni kifupi na kigumu, kinachoma zaidi.

Katika inchi ya Ethiopia jambo hili lilipimwa, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2011. Watu 1300 wenye nywele chache tu zilizoingia ndani (si zaidi ya 5) waligawanywa makundi mawili. Wa kwanza walipasuliwa. Wa pili walipewa vikoleo vizuri, na mtu wa kwao akafundishwa kungoa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umezidi kwa watu karibu 13 katika 100 wa kikoleo, na karibu 2 katika 100 wa kupasuliwa. Lakini kwa nguvu ya kuona hawakutofautiana. Basi aliye na nywele chache, na anayeogopa kupasuliwa, anaweza kungolewa vema na kutazamwa mara kwa mara. Aliye na nyingi asidanganyike na kikoleo.

“Zitarudi tu”

Neno hili tunalisikia katika kila kijiji. Mtu alimwona jirani akipasuliwa, na baada ya mwaka nywele zikaingia tena, basi anakataa. Hatuwezi kumwambia kwamba anasema uongo. Kwa watu wengine zinarudi. Ndiyo sababu waganga walitaka kujua: zinarudi kwa wangapi, na kwa sababu gani?

Mtalipima neno kama hili namna gani? Mganga akipenda namna moja ya kupasua, na akachagua mwenyewe wagonjwa wa kuitumia, labda atachukua walio na ugonjwa mwepesi, kisha atasifu kisu chake. Mkulima mwenye akili hapandi mbegu mpya karibu na mto na mbegu ya zamani juu ya mawe, halafu akasema mpya inashinda. Anazipanda katika shamba moja. Vivyo hivyo wagonjwa wanagawanywa kwa kura, bila mganga kuchagua, nao wanaelezwa kwanza na kukubali wenyewe. Tena anayewatazama baadaye, kama inawezekana, ni mtu asiyejua ni nani alipasuliwa namna gani.

Kazi ya namna hii ilifanywa katika inchi ya Oman, huko Arabuni. Mwaka wa 1990 waganga walitoa matokeo ya kulinganisha namna 5 za kupasua, na mwaka wa 1992 wakatoa mengine. Namna moja ilishinda: kope linakatwa toka ngozi ya nje mpaka ndani, karibu na ukingo wake, kisha linashonwa ili ukingo utazame nje. Shirika la Afya la Ulimwengu likaishauri inchi nyingine kuitumia.

Halafu likaja ulizo la pili: nani atapasua? Waganga wa macho ni wachache sana, na wagonjwa wako mbali na miji. Katika Ethiopia wauguzi waliofundishwa walilinganishwa na waganga wa macho, na mwaka wa 2004 matokeo yakaonyesha kwamba nywele hazikurudi zaidi kwa waliopasuliwa na wauguzi. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko mengine yote, maana bila hilo kisu kingebaki mjini.

Ulizo la tatu lilikuwa juu ya dawa. Mwaka wa 2006, pale pale Ethiopia, watu 1452 walifuatwa mwaka mmoja baada ya kupasuliwa. Wengine walipaka mafuta ya tetrasikilini majuma 6. Wengine walimeza azitromisini mara moja tu. Kwa waliomeza, kurudi kwa nywele kulipungua kwa sehemu moja ya tatu. Kundi jingine dawa ilipewa na watu wa nyumbani pia, lakini hilo halikumzidishia mgonjwa mwenyewe faida kwa habari ya nywele.

Hata uzi ulipimwa. Uzi wa hariri sherti utolewe baada ya juma moja au mawili, na bibi anayetoka mbali pengine harudi. Watu 1300 wengine wa Ethiopia walishonwa, nusu kwa hariri, nusu kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Nywele zilirudi sawasawa kwa wote (mwaka wa 2011). Basi anayetoka mbali ashonwe kwa uzi unaoyeyuka, wala asihangaike.

Mwaka wa 2016 kukatoka matokeo ya watu 1000 wa sehemu ya Amhara. Ile namna iliyoshinda Oman ililinganishwa na nyingine ambayo kope linageuzwa na kukatwa toka upande wa ndani, bila kukata ngozi ya nje. Baada ya mwaka mmoja nywele zilikuwa zimerudi kwa watu 22 katika 100 wa namna ya kwanza, na 13 katika 100 wa namna ya pili. Mwajua sasa kwa nini hatusemi “kitabu kimekwisha andikwa”. Na 13 wangali wengi. Makovu makubwa yanavuta tena, na mkono wa mpasuaji nao una sehemu yake: mmoja anakata vema na kushona sawasawa, mwingine ana haraka.

Mambo yanayompata mgonjwa

Anachomwa sindano ya ganzi katika kope, halali usingizi. Anasikia kuguswa, hasikii kukatwa. Kwa kawaida anarudi nyumbani siku ile ile, jicho limefungwa kitambaa safi, na kesho yake linafunguliwa. Kope linavimba kidogo. Usaha ukitoka, au maumivu yakizidi, asingoje siku ya ahadi, arudi mara moja. Hata akipona vema, atazamwe tena baada ya miezi michache. Nywele moja iliyorudi inapoonekana mapema, haijaharibu kitu.

Katika kijiji chako, mketishe mama mzee mlangoni penye mwanga, mwambie atazame mbele, kisha inua kidogo kope la juu na utazame nywele zake. Zikigusa jicho, au ukiona vipande vilivyongolewa, mpeleke.

Na watoto? Kwao sherti nyuso zioshwe kila siku. Katika vijiji vya Kongwa, Tanganyika ya zamani, jambo hili lilipimwa pia: mwaka wa 1995 ilionekana kwamba watoto waliodumu na nyuso safi walipata trakoma kali kidogo kuliko wengine. Oman ilithibitishwa mwaka wa 2012 kwamba trakoma si tatizo la watu wote tena, na mwaka wa 2025 Burundi, jirani zetu ng'ambo ya ziwa, wakathibitishwa vilevile. Sisi wa Kongo tungali na kazi.

Maulizo

1. Kwa nini kupasua kope hakurudishi macho yaliyokwisha kupofuka?
2. Ni nani anayeweza kungolewa nywele, na ni nani asiyefaa kutegemea kikoleo?
3. Kwa nini wagonjwa waligawanywa kwa kura?
4. Jirani akikuambia “Zitarudi tu”, utamjibu nini?
5. Katika nyumba yako, nani anaumwa na mwanga wa jua? Umetazama kope zake?