Uchungu wa Kuzaa, Sindano ya Mgongoni na Neno la Mungu

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 3:16–19, Mwanzo 35:16–20, Yohana 16:21

Somo la wiki hii limetokana na maswali ambayo dada zetu wajawazito wamekuwa wakituletea sisi wa idara ya akina mama. Maswali ni mawili, na karibu kila mmoja huyauliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, watu wakiwa wameanza kutawanyika. La kwanza: je, ni dhambi kuomba ile sindano ya mgongoni ya kupunguza uchungu, inayoitwa epidurali? La pili: je, sindano hiyo itanipoozesha?

Tumeona vema tuyajibu hadharani, kwa sababu kimya kimeshawaumiza watu. Mama mmoja kati yetu, ambaye wakubwa wake wote aliwazaa kambini bila dawa yoyote, alichomwa epidurali alipojifungua hapa Marekani. Akina mama walipomtembelea nyumbani, huku wakinywa uji wake, mmoja akamwambia kwa utani, “Wewe safari hii hukuzaa, ulizalishwa.” Wote wakacheka. Siku ya pili yake kichwa kikaanza kumuuma, maumivu makali kila alipoketi, yakipungua akilala. Akaamini kwamba anaadhibiwa na Mungu. Alilala siku tano gizani na mtoto mchanga, akishindwa hata kumnyonyesha akiwa ameketi, kabla hajamwambia mtu. Ametupa ruhusa tusimulie habari hii bila jina lake. Tutarudi kwenye kile kichwa, kwa maana kina jina na kina tiba.

Tuanze na Neno. Wanaosema epidurali ni dhambi husimama juu ya Mwanzo 3:16, pale Mungu anapomwambia Hawa kwamba atazaa kwa utungu. Lakini tusiishie hapo, tusome na mstari wa 17. Neno la Kiebrania linalotumika kwa taabu ya mwanamke, itsavon, ndilo lilelile linalotumika kwa taabu ya mwanamume anapoilima ardhi iliyolaaniwa. Kisha inafuata miiba, michongoma na jasho la uso. Sasa tujiulize kwa uaminifu. Ndugu zetu wengi hapa wanafanya kazi kwenye maghala. Je, kuna mzee wa kanisa aliyewahi kumkemea kijana anayeinua mizigo kwa foklifti kwamba anakwepa jasho aliloamriwa na Mungu? Mkulima akitumia trekta, tunamshukuru Mungu kwa trekta. Dawa ya magugu hatuiiti uasi juu ya miiba. Kama taabu ya mwanamume si amri kwamba asipate nafuu, basi na taabu ya mwanamke si amri. Mistari hii inaeleza jinsi dunia ilivyoharibika. Haimkatazi mtu kumhurumia mwenzake.

Wala Biblia haiudharau uchungu wa uzazi. Bwana Yesu mwenyewe, katika Yohana 16:21, alipotaka kuwaeleza wanafunzi huzuni yao na furaha itakayofuata, alichukua mfano wa mwanamke aliye katika utungu. Katika Mwanzo 35 tunamwona Raheli akipata shida katika kuzaa, na mkunga akimtia moyo asiogope. Raheli akafa njiani, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Waliotoka vijijini kwetu wanayajua makaburi ya namna hiyo.

Mabishano haya si mapya. Mwaka 1847, huko Edinburgh, Uskoti, daktari James Young Simpson alianza kuwapa wanawake waliokuwa katika uchungu hewa ya etha, na baadaye mwaka huohuo klorofomu. Wapo waliompinga kwa hoja za dini, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameandika kijitabu cha kuwajibu. Hoja yake moja ni Mwanzo 2:21: Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. (Sisi tunaona hoja hiyo inachekesha kuliko inavyoshawishi, maana Adamu alilazwa kabla ya anguko. Hoja ya Kiebrania, ambayo pia aliitumia, ina uzito zaidi.) Mwaka 1853 Malkia Victoria, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, alipewa klorofomu na daktari John Snow alipomzaa Leopold, mtoto wake wa nane. Baada ya hapo kelele zikapungua sana. Njia ya kupitishia ganzi mgongoni jinsi tunavyoizungumzia leo ilielezwa mwaka 1921 na Fidel Pagés, daktari wa upasuaji wa jeshi la Hispania.

Sasa tuje kwenye sindano yenyewe. Wengi wetu kule nyumbani, iwe Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi, tunaifahamu sindano ya mgongo kwa jambo moja tu: oparesheni. Mama akiambiwa atachomwa mgongoni, maana yake anapelekwa kwa kisu. Kwa hiyo nesi wa hapa akitamka neno epidurali, masikio yetu yanasikia oparesheni, na mama anatikisa kichwa kabla hajaelezwa. Hivi ni vitu viwili. Ile ya oparesheni kwa kawaida ni sindano moja inayoingia ndani zaidi, inatia ganzi nzito kuanzia kifuani kwenda chini kwa saa chache. Epidurali ni mrija mwembamba unaoachwa mgongoni, dawa ikipita kidogo kidogo kwa muda wote wa leba. Oparesheni ikihitajika ghafla, mara nyingi dawa huongezwa kupitia mrija huohuo.

Inafanyika hivi. Unawekewa dripu mkononi. Unaketi kitandani na kuinama mbele kama paka anayejikunja, au unalala kwa ubavu, na unaombwa utulie kabisa, jambo ambalo si rahisi uchungu ukikubana. Mwambie daktari uchungu ukija, naye atasubiri. Daktari wa ganzi anasafisha sehemu ya chini ya mgongo, anatia ganzi kwenye ngozi, kisha anaingiza sindano kati ya pingili. Mrija ukishapita, sindano inatolewa. Hakuna sindano inayobaki ndani, ingawa uvumi huo tumeusikia mara nyingi. Nafuu huja baada ya dakika 10 hadi 20 hivi, wakati mwingine zaidi. Uko macho, unaongea, unaomba, unasikia kwamba tumbo linakaza bila ule ukali. Miguu inakuwa mizito, kwa hiyo huenda ukabaki kitandani na kuwekewa mpira wa mkojo, na mapigo ya moyo wa mtoto yanafuatiliwa kwa mashine.

Je, utapooza? Madhara makubwa ya kudumu ya namna hiyo ni nadra mno. Lakini hatutawaambia kwamba epidurali haina shida, kwa sababu si kweli. Presha inaweza kushuka, ndiyo maana wanaipima kila mara. Mwili unaweza kuwasha au kutetemeka, na homa inaweza kupanda. Madaktari wa ganzi wa Uingereza huwaambia wajawazito kwamba kwa mama 1 kati ya 8 hivi haifanyi kazi vizuri na inabidi irekebishwe au itafutwe njia nyingine. Muda wa kusukuma unaweza kurefuka, na pengine mtoto akahitaji kusaidiwa kutoka kwa vyombo. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba haiongezi uwezekano wa oparesheni, na kwamba si chanzo cha maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Mgongo unauma baada ya kuzaa hata kwa waliozaa bila dawa. Waulizeni bibi zetu.

Tena si kila mama anaruhusiwa kuipata. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama chembe za kugandisha damu ziko chini sana, kama una maambukizi pale mgongoni au uliwahi kufanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, sema mapema kliniki, usingoje siku ya leba.

Na sasa kile kichwa. Kwa takribani mama 1 kati ya 100 sindano hutoboa utando unaozunguka maji ya uti wa mgongo, na maji yakivuja kichwa huuma, hasa ukiketi au kusimama. Si laana, si mashetani, na si adhabu ya kuzaa kwa njia rahisi. Piga simu hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa kupumzika na dawa havitoshi, daktari huchukua damu kidogo kutoka mkononi mwako mwenyewe na kuichoma mgongoni, ikaziba pale panapovuja. Yule dada yetu alitibiwa hivyo. Alikwenda asubuhi, na jioni aliketi sofani akamnyonyesha mtoto wake. Siku zile tano gizani hazikuwa na sababu yoyote isipokuwa maneno yaliyosemwa juu ya uji. Na tunaongeza hili, bila kujali ulichomwa au hukuchomwa: kichwa kikali baada ya kujifungua, macho kuona ukungu, au kifua kubana si mambo ya kuvumilia, yanaweza kuwa presha ya uzazi. Nenda mara moja.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna anayelileta kwetu kama swali, lakini tunaliona kila tunapomsindikiza mtu hospitali. Daktari anamuuliza mama, baba anajibu. Au anajibu binti wa miaka 12, kwa kuwa ndiye anayejua Kiingereza, na mtoto anajikuta akitafsiri habari za nyonga ya mama yake. Wapendwa, hapa Marekani hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote zinapokea, inapaswa kukupa mkalimani bila malipo, kwa simu, kwa video au ana kwa ana. Ukipewa fomu ya kusaini nawe hujaelewa, sema maneno haya mawili: “Swahili interpreter.” Kama lugha yako ya nyumbani ni Kinyarwanda, Kirundi au Kibembe na ndiyo unayoielewa zaidi, iombe hiyo. Fanya hivyo kliniki, wakati akili imetulia, ili jina la lugha yako liandikwe kwenye faili kabla chupa haijapasuka.

Kuhusu kauli ya baba: ushauri wake ni mwema, na mkono wake wa kushikwa ni mwema zaidi. Ila anayesaini ni mama, na mwili unaochomwa ni wa mama. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinasema kwamba kama hakuna kizuizi cha kiafya, ombi la mama lenyewe ni sababu tosha ya kumpa nafuu. Vivyo hivyo akikataa, asibembelezwe wala kukaripiwa na yeyote, awe nesi au mama mkwe. Wapo wanaopendelea kutembea, maji ya moto, kukandwa kiuno na kuimbiwa tenzi, na wanazaa vizuri. Mmoja wetu alisema hapana mwanzoni, na baada ya saa 14 akasema ndiyo. Hiyo nayo inaruhusiwa.

Basi tunawaomba akina mama wanaokwenda kutembelea wazazi wapya: pelekeni uji, supu na maombi. Ulizeni mama amelala saa ngapi na kama kuna kinachomuuma. Habari za sindano msiulize, mpaka atakapozianza mwenyewe.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, tutakuwa na darasa la wajawazito katika chumba cha chini. Dada yetu ambaye ni nesi wa wodi ya wazazi atakuja na mrija wenyewe, muushike kwa mikono yenu muone jinsi ulivyo mwembamba, na tutaipitia fomu ya hospitali mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Njoni na maswali ya bili pia, kwani bili ya daktari wa ganzi mara nyingi huja peke yake na huwashtua watu. Akina baba mnakaribishwa, na watoto watakuwa na walimu wao wa Sunday school.