Mzee Mwenye Kisukari na Saumu ya Ramadhani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila ikaribiapo Ramadhani huulizwa darsani suala hili: mzee mwenye kisukari afunge au asifunge? Na nyuma ya suala hili pana jambo litajwalo kwa sauti ndogo. Wako wazee walioambiwa na daktari wasifunge, nao wakafunga kwa kuona haya. Mzee aliyefunga tangu utoto wake huona kula mchana ni kuvunjiwa heshima mbele ya wajukuu wake. Nasi watoto hunyamaza, tukadhani kunyamaza huko ni adabu.

Kwanza, tuitazame hukumu. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, amemruhusu mgonjwa kufungua, na akabainisha kuwa hakutaka kututia katika uzito. Mwenye maradhi yanayotarajiwa kupoa hufungua, kisha akalipa siku zake. Ama mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupoa, na saumu ikawa yamdhuru, hana kadha. Juu yake ni fidia ya chakula kwa maskini, mudi moja, yaani kibaba, kwa kila siku. Na akikhofia kuangamia, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema ni wajibu kwake kufungua. Basi mzee huyu akila mchana, hakuasi. Ametii amri nyingine ya Mola yule yule.

Wala hatusemi kuwa kila mwenye kisukari asifunge. Wako ambao sukari yao imetulia kwa chakula na vidonge vyepesi, nao huweza kufunga chini ya uangalizi wa daktari. Wenye khatari zaidi ni watumiao sindano za insulini, au vidonge vile viwezavyo kuiteremsha sukari mno, na wenye figo au moyo dhaifu.

Pili, yafaa tujue khatari yenyewe. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi ulionyesha kuwa, kwa wenye kisukari cha aina ya pili, matukio ya sukari kushuka vibaya hata mtu akapelekwa hospitali yaliongezeka katika Ramadhani kiasi cha mara saba. Sukari ishukapo mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, kisha akili humchanganyika. Kwa mzee dalili hizi huenda zisidhihirike. Watu humwona amejinyoosha wakadhani amelala usingizi wa saumu, kumbe anapotea.

Wako wasemao: mauti ni ya Mungu, na dawa haizidishi umri. Hawa wameichanganya tawakali na uzembe. Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mabedui juu ya kujitibu, akawaamuru wajitibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik. Na wamwachishao mzee sindano yake wakamnywesha kombe badala yake, wamemdhulumu mzee na wameidhulumu dini.

Tatu, wajibu wa watoto. Mzee apelekwe kwa daktari wiki sita au nane kabla ya Ramadhani, ili dawa na saa zake zipangwe upya, asijibadilishie mwenyewe. Akiruhusiwa kufunga, apimwe sukari mara kwa mara, kwani kuchomwa kidole hakubatilishi saumu. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kikizidi 16.6, afungue papo hapo, hata kama magharibi imekaribia. Aliyeshukiwa na sukari apewe kitu kitamu upesi. Daku asiiache, na aicheleweshe. Na sinia ya futari tuitazame pia: kaimati za shira, tambi za sukari, viazi vitamu na muhogo wa nazi kwa pamoja ni mzigo kwake. Haifai tumpikie vinavyomdhuru, kisha tumlaumu kwa kuvila.

Na aliyekatazwa kufunga asiachiwe ale kwa kujificha jikoni kama mwizi. Chakula chake kipikwe mapema kwa heshima, na mmoja wetu akae naye. Fidia yake tumletee aitoe kwa mkono wake mwenyewe, ili ajue kuwa angali ndani ya ibada. Magharibi aketi nasi kwenye futari mahali pake pa siku zote. Qur'ani, dhikri na dua hazikuzuiwa na kisukari. Katika Surat al-Israa, aya ya 23 na 24, tumeusiwa wema kwa wazazi wafikapo uzeeni. Na wema huo kwa mzee mgonjwa ni kumwondolea haya ya kuipokea ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na atujaalie kuwatumikia kabla hatujawakosa. Wallahu aalam.