Uzito wa Mwili na Upasuaji wa Shingo



Wachukuzi wa magunia na wakata miwa wametuuliza: mtu mnene akipasuliwa shingo, atapona? Wengine wameambiwa na nyapara kuwa maumivu yao yametokana na kitambi, wala si kazi. Basi tulitazame jambo hili lilivyo.

Shingo ina pingili 7, na kati ya nyingi ya pingili hizo kuna kisahani laini kinachozuia mifupa isisagane. Kisahani kikichakaa au kikitoka mahali pake huweza kubana mshipa wa fahamu, na mtu husikia maumivu na ganzi mpaka vidoleni. Dawa na mazoezi vikishindwa, au mkono ukipoteza nguvu, daktari huweza kupasua. Mara nyingi hupitia mbele ya shingo, hutoa kisahani kibovu na kuunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Mfupa huo hushikana kwa miezi, si kwa juma moja.

Kupima unene, madaktari hugawa kilo za mtu kwa kimo chake cha mita, kisha hugawa tena kwa kimo hicho hicho. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 87 hupata 30, na kuanzia hapo huhesabiwa mnene kupita kiasi. Lakini hesabu hiyo haitofautishi mafuta na misuli; mpakizi mwenye kifua kipana aweza kuitwa mnene bure.

Kwa mnene wa kweli shida zipo, tusizifiche. Kumlaza kwa dawa ya usingizi ni kugumu zaidi, hasa akiwa mtu wa kukoroma na kukatika pumzi usiku. Kidonda, zaidi kikiwa nyuma ya shingo, ni rahisi kuingia usaha, na damu yaweza kuganda miguuni. Akiwa na kisukari hatari huzidi. Ama kuhusu maumivu, uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa wanene nao hupata nafuu inayokaribia ile ya wenzao. Wengine hubakiwa na maumivu zaidi, lakini mara nyingi ndio walioanza nayo mengi. Kwa hiyo unene peke yake si sababu ya kumnyima mtu matibabu.

Aliyekonda kwa kukosa chakula naye yumo hatarini. Bila maharage, samaki au mayai ya kutosha, kidonda hukawia kufunga. Basi anayetaka kupunguza mwili kabla ya kupasuliwa afuate shauri la daktari, asijishindishe njaa. Sigara nayo huzuia mfupa kushikana, kwa mnene na mwembamba.

Sasa kazi yenyewe. Gunia la kahawa kwa kawaida huwa kilo 60. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi sana. Gunia hilo limepita kipimo hata kwa mzima, sembuse aliyepasuliwa shingo! Wala mtu asirudishwe chini ya gunia kwa kuwa amepungua mwili. Kupungua mwili si kupona shingo.

Mwombe daktari aandike katika barua kilo unazoruhusiwa kuinua na mpaka tarehe gani. Asiandike "kazi nyepesi" tu, maana kila nyapara ana wepesi wake. Nakala moja ibaki kwako, nyingine ifike ofisi ya chama kabla ya siku ya kurudi kazini.