Fungua Sanduku Kwanza, Nyamera

Wiki jana mdogo wangu mmoja wa Rongo aliniandikia saa tano usiku: “Dada, CPU imekufa.” Ana kompyuta mbili kwenye saiba yake, na wateja wa HELB na KRA hawangoji. Fundi alishamwambia madabodi imeungua, atafute mashine nyingine. Nikamuuliza, ukiiwasha inafanya nini? Inawaka, akasema, ila kila asubuhi tarehe inarudi mwaka 2009 na eCitizen inakataa kufunguka.

Nyamera, maiti haiwaki.

Tuanze na hilo jina. Huku kwetu sanduku zima tunaliita CPU, na fundi mjanja anafurahi sana ukisema hivyo, maana kwa “CPU imekufa” anaweza kukutoza bei yoyote. CPU yenyewe, yaani prosesa, ni kipande cha mraba kinachoenea kiganjani, kimelala chini ya feni. Ndicho kinachopiga hesabu zote, na hufa kwa nadra. Adui yake ni joto. Vumbi la murram likiziba feni, joto halina pa kutokea, na ukiwa Mbita ongeza vile vijidudu vya ziwa vinavyofuata taa usiku. Niliwahi kufungua mashine ya binamu yangu kule nikakuta feni imevaa blanketi la mabawa. Brashi ya rangi na dakika kumi tu, ikaacha kujizima.

Sasa chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha sanduku, kisha fungua ubavu. Ule ubao mpana ulioshikilia kila kitu ndio madabodi. Utafute kidude cha mviringo kinachong'aa kama sarafu. Hiyo ni betri, imeandikwa CR2032, volti 3, na kazi yake ni kuiendesha saa wakati mashine imechomolewa. Wewe unachomoa kila jioni, na unafanya vyema kwa radi za huku, lakini betri ikiisha saa inapotea. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani tuko 2009 inaona cheti cha eCitizen hakijaanza hata kutumika, inakikataa. Betri yenyewe muulize muuza saa.

Kama ingekuwa haiwaki kabisa, bado nisingekimbilia madabodi. Ningeshuku pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea waya wa stima. Linachukua volti 240 za ukutani na kuzishusha kuwa 12, 5 na 3.3. Radi ikipiga upande wa ziwa, au stima ikirudi kwa kishindo, ndilo linalopigwa kwanza. Libadilishe zima. Usilifungue hata kama limechomolewa, kwa sababu ndani yake kuna vipande vinavyohifadhi umeme na vinaweza kukurusha.

Wengine mnaniuliza mbona mashine inakokota. Wa Homa Bay nitawaeleza kwa omena. RAM ni wavu uliotandaza ufukweni, na diski ni gunia. Unachofanyia kazi sasa kiko wavuni, ulichohifadhi kiko guniani. Wavu ukiwa mdogo, mashine inaanza kuanikia juu ya gunia, na hapo ndipo unabofya ukaenda kuchota maji ukarudi. Na stima ikipotea ni mvua imenyesha: kilichokuwa wavuni kimekwenda. Ukitaka kuona tofauti kwa pesa kidogo, toa ile diski ya kizamani inayozunguka uweke SSD, na RAM isiwe chini ya 8GB. Ila angalia ya kwako ni DDR3 au DDR4. Pengo lililo kwenye meno yake haliko mahali pamoja, na ukiilazimisha utavunja kitu. Hata zile kompyuta za ex-UK zinazouzwa Migori mjini, muuzaji akusomee RAM, diski na prosesa. Stika ya nje na mng'aro wa plastiki havikusaidii.

Hili la mwisho linaniuma hadi leo. Niliwahi kupeleka mashine ikiwa na vipande viwili vya RAM, ikarudi na kimoja. Sikujua mpaka miezi ikapita nikishangaa uzembe wake. Siku hizi napiga picha ya ndani mbele ya fundi mwenyewe, kwa tabasamu, kabla sijamwachia. Nikiichukua nabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nasoma kiasi cha RAM pale pale kwenye meza yake, ndipo natoa M-Pesa.

Wa Rongo amenijibu jana. Ameweka betri mpya, akarekebisha tarehe, asubuhi akaikuta palepale na eCitizen ikafunguka. Sasa anasema printa ndiyo “imekufa”. Nimemwambia anitumie picha kwanza.