Bangi, na Sala ya Mwenye Kuivuta

Ndugu zetu Waislamu, limetufikia suala ambalo tumeona si haki kulijibu kwa siri, kwani aliyeuliza ni mmoja na wenye haja ya jawabu ni wengi. Kijana wa mji huu wa Mombasa alitutilia karatasi mkononi baada ya darsa ya Isha, akenda zake bila ya kutaja jina. Ameandika kwamba alianza kuvuta bangi alipokuwa skuli, na sasa yu na miaka 24. Pombe hajaionja maishani mwake. Alikuwa akisali, hata siku moja mzee mmoja akazinusa nguo zake mlangoni mwa msikiti, akamwambia mbele ya watu kuwa sala yake haikubaliwi siku 40, basi ajisumbua bure. Tangu siku hiyo hakusali tena. Auliza mambo mawili: vipi bangi itakuwa haramu, na vitabu vyetu vya fiqhi vyasema si najisi wala mwenye kuitumia hapigwi hadi ya mlevi? Na ikiwa sala yake haina kitu, asali kwa nini?

Twaanza na la kwanza. Imamu Shafi alifariki mwaka 204 wa Hijra, na jani hili, ambalo Waarabu huliita hashishi, halikuenea katika miji ya Kiislamu ila miaka kama mia nne baada yake, karibu na zama za Matatari. Kwa hivyo usitafute kauli yake. Waliolitazama ni waliokuja baadaye. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728, aliifanya sawa na khamri, hata katika hadi na unajisi. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri, aliona kuwa ni kitu chenye kuharibu akili, si kileo kama mvinyo. Kwa hivyo mwenye kuitumia hutiwa adabu bila ya kupigwa hadi, na mwenye kusali hali amebeba jani lake sala yake ni sahihi. Wengi katika madhehebu yetu wamefuata njia iliyo karibu na hiyo. Hapa ndipo kijana wetu alipofika, akafunga kitabu. Lau angaligeuza ukurasa angaliona kuwa hao hao waliosema si najisi ndio waliosema ni haramu. Az-Zarkashi, naye ni Mshafi, aliandika risala nzima juu ya uharamu wake. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye Tuhfa yake haikosi katika makabati ya masheikh wetu wa pwani, ameihesabu katika madhambi makubwa ndani ya kitabu chake Az-Zawajir. Na Bibi Ummu Salama amepokea, kama ilivyo katika Sunan Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza mwili. Yako majani ya sumu yasiyokuwa najisi, wala hayana hadi kwa mwenye kuyala. Nani atayahalalisha kwa hoja hiyo?

Tutaambiwa kuwa Kanada wameiruhusu mwaka 2018. Twajibu kuwa Kanada wameiruhusu pombe pia, na kijana wetu hakuwafuata katika pombe. Hapa kwetu sheria ya mwaka 1994 yaikataza. Ama dawa ni jambo jingine: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotolewa katika mmea huu kwa watoto wenye aina kali za kifafa, nayo hupimwa na daktari kwa matone, wala haileti ulevi. Haifanani na msokoto wa maskani.

Na tusiseme juu ya vijana hawa kwa kusikia tu. Tumeketi na baadhi yao, nao hawakutuficha. Mmoja alisema kuwa mwaka wa kwanza msokoto ulimchekesha na kumsahaulisha ukosefu wa kazi, kile wakiitacho stimu. Mwaka wa tatu ulimfanya tu awe kama watu wengine. Asipovuta halali usiku, hatamani chakula, na humkemea mamake kwa neno dogo. Basi hiyo raha i wapi? Madaktari wasema kuwa ubongo waendelea kukomaa hata miaka kama 25, na kwamba mwenye kuanza angali mtoto, akavuta kila siku, yu katika khatari zaidi ya kuingiwa na maradhi ya akili, kusikia sauti zisizokuwapo na kuwadhania watu ubaya. Nasi tumeyaona hayo. Na tuliloliona pamoja nayo ni nyumba ikisema mtoto ana jini. Huitwa mganga, huandikwa makombe na hirizi, hupita miezi na fedha, na kijana angali avuta uani. Hilo ni kosa letu watu wazima. Mgonjwa wa akili apelekwe kwa daktari wa akili, na dua isomwe na mamake bila ya malipo.

Ama suala la pili ndilo lililotuuma. Hadithi ya siku 40 ipo, nayo yahusu mnywaji wa khamri. Imamu Nawawi na wengineo wameeleza kuwa maana yake ni kukosa thawabu; faradhi yenyewe humwondokea akiisali kwa masharti yake, wala halazimiki kuirudia. Hakuna mwanachuoni aliyesema aache kusali. Aliyeacha ameongeza dhambi iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Iliyokatazwa katika Suratun Nisaa, aya ya 43, ni kuikaribia sala hali mtu amelewa, hajui asemalo. Basi akiwa katika hali hiyo angoje hata akili imrudie, atie udhu upya, kwani kupotewa na akili huuvunja, kisha asali, na iliyompita ailipe. Nguo zikinuka moshi, abadilishe, kama tumwambiavyo aliyekula kitunguu kibichi.

Ewe uliyeandika, rudi msikitini kabla hujaacha kuvuta, wala usingoje uache kwanza. Na yule mzee tulimjua kwa sifa zake, tukamwendea. Alinyamaza kitambo, akasema kuwa alidhani amekataza mabaya. Nasi hatukuweza kumlaumu sana, kwani mwaka jana tuliwasema vijana wa maskani juu ya mimbari kwa maneno makali kuliko yake, na safu ya nyuma, walikokuwa wakisimama, ikawa tupu kwa wiki nyingi. Hatukuuliza walikokwenda.

Kuuza bangi ni haramu kama kuivuta, na fedha zake hazijengi msikiti, hata akizitoa tajiri.

Wako waliotuuliza: na miraa je, inayoliwa na hao hao wazee hata Alfajiri ikawapita? Suala hilo ni la haki, nalo lina maneno yake. Tutalieleza katika toleo lijalo, inshallah.