Jasho la Kwapa na Kanzu ya Ijumaa

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa afanyaye biashara ya samaki huko Homa Bay, alitueleza kuwa amekosa sala ya Ijumaa mara mbili. Hakuwa mgonjwa wala msafiri. Kanzu yake, nayo ni moja tu, ilikuwa imegeuka manjano kwapani, akadhani haifai kusalia.

Tulisikitika sana. Jasho la mwanadamu ni twahara; halinajisi nguo, wala rangi yake haibatili sala. Vipi basi mtu aache faradhi kwa ajili ya doa? Lakini usafi nao haudharauliwi. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, amesimulia kuwa watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka vitongoji vya Madina wakiwa na vumbi na jasho, naye Mtume (s.a.w.) akawahimiza wajitakase kwa siku hiyo. Na nywele za kwapa haifai kuziacha zaidi ya siku arubaini, jambo ambalo vijana wetu wamelisahau.

Na tutazame doa lenyewe. Aghalabu halitokani na jasho peke yake. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, nazo zikichanganyika na jasho hushika katika nyuzi za pamba zikawa manjano. Shabu tuipakayo ni katika jamii hiyo hiyo. Basi mwenye kupaka na angoje ikauke ndipo avae.

Ndugu yetu alikuwa ameitia kanzu dawa ya klorini, nayo ikazidi umanjano. Ndiyo ada ya klorini kwa doa la namna hii. Bluu nayo hulificha tu, na pasi ya moto hulikaza.

Lifaalo ni hili. Twaa magadi meupe ya unga, yale ya kupikia, na maji ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 yauzwayo maduka ya dawa, na maji safi, vyote kwa kipimo kimoja. Paka kwapani kwa upande wa ndani, sugua polepole kwa mswaki mkuukuu, iache saa moja, kisha fua na uanike juani. Maji ya ziwa yenye tope yaache yatuame kwanza. Hayo ni ya pamba nyeupe. Nguo ya rangi itapauka. Hiyo, kama wafanyavyo mabibi wa Migori tuliowauliza, huloweshwa nusu saa katika siki iliyozimuliwa kwa maji, kisha hufuliwa. Ila siki na klorini visikutane kabisa katika beseni moja, kwani hutoa hewa ya sumu yenye kuumiza kifua.

Doa la zamani halitoki kwa mara moja. Kanzu ya ndugu yetu ilifuliwa mara tatu, ukasalia ukingo mwembamba, naye akaivaa hivyo hivyo Ijumaa iliyofuata.